Fimbo ya Mishumaa Imeziba Tena

Alhamisi asubuhi fimbo ya mishumaa ilikutwa imeziba tena, na safari hii iliziba wiki ambayo askofu alikuwa anakuja.

Mke wa mtunza kanisa aliishusha kutoka kwenye msumari wake katika chumba cha majoho, akasukuma kidude cha kutolea utambi. Kikagoma. Akajaribu kwa gumba la mkono wa pili, kana kwamba la kwanza ndilo lililokuwa na ugomvi na mtu. Kikagoma. Akaketi juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo, fimbo mapajani, akaitazama vile mzazi anavyomtazama mtoto aliyerudishwa nyumbani na mwalimu kwa mara nyingine.

Kwa asiyeijua, fimbo yenyewe ni mti uliopigwa vanishi, unaompita mtu mzima kwa urefu, na kichwani una shaba ya njano iliyogawanyika pande mbili. Upande mmoja ni mrija mwembamba ambamo hupita utambi uliochovywa nta. Huo ndio unaowasha. Upande wa pili ni kikombe kidogo kilichoinamishwa kama kengele. Hicho ndicho kinachozima. Kidude cha kusukuma utambi kiko chini, karibu na mkono, kimefungwa kwa waya unaopanda mpaka kwenye shaba. Kikombe kilikuwa kimekaa upande kama kofia ya mlevi, na hilo lilikuwa kosa la huyu huyu mama. Zamani, alipokuwa mgeni wa kazi, aliiweka shaba juu ya jiko ili kuyeyusha nta. Nta iliyeyuka vizuri sana, na lehemu nayo ikaona isibaki nyuma. Tangu siku hiyo anatumia kitambaa na maji ya moto, hana haraka, na waumini wakampa jina la Mama Nta.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni mumewe, ambaye kwa waumini hao hao alikuwa Mzee Kiberiti. Masharti ya fimbo ni mepesi. Ukimaliza kuwasha, vuta utambi ndani ili moto ufe, kisha usukume utokeze kidogo, kiasi cha ukucha, kabla nta haijaganda. Ukiusahau ndani, unashikana na mrija, na Jumapili inayofuata utasimama mbele ya kanisa zima unagombana na mti. Mzee Kiberiti aliyajua hayo kama anavyolijua jina lake. Sasa vipi, tangu mafundi waanze kuezeka paa jipya, fimbo ilikuwa ikiziba karibu kila wiki? Kila ilipoziba ilibidi mwalimu wa kwaya, kwa kuwa ni mrefu, apande kwenye kiti na kiberiti mkononi, na watu wa mabenchi ya nyuma walishaanza kuja mapema ili wasiikose sinema hiyo.

Akiwa bado amekaa hapo, mlango ulisukumwa akaingia mwenyekiti wa kamati ya majengo. Huyu aliitwa Bwana Swichi, si mbele yake lakini. Ndiye aliyeifunga kengele ya kanisa kwenye umeme, na ndiye aliyeweka feni zinazompeperushia mchungaji karatasi za mahubiri. Chini ya kwapa alikuwa na boksi. Akalifungua mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakipiga deki, akatoa mshumaa wa plastiki, akabonyeza kitako chake. Kimwali chake cha moto bandia kikaanza kupepesa kama jicho lililoingiwa mchanga.

Wale wanawake wakaacha kupiga deki. Bwana Swichi akaeleza kwamba hauchuruziki, hauchafui kitambaa, haupandiwi kiti. Akaitazama fimbo mapajani mwa Mama Nta, akauliza kwa upole kama imeziba. Mama Nta akajibu kwamba anaifanyia usafi tu. Alisema hivyo huku kidole kikiwa bado kimekandamiza kidude kisichosogea.

"Mama, mimi sina ugomvi na mtu," Bwana Swichi akasema. "Mzee ametumika, tunamheshimu. Lakini fimbo ikigoma Jumapili mbele ya askofu, Jumatatu naleta hizi za kutosha madhabahu nzima. Na mtu wa kubonyeza swichi hahitaji kupewa nyumba."

Akauzima mshumaa wake, akaaga vizuri, akamwachia mzee salamu. Wanawake wa deki wakarudi kwenye ndoo zao kwa bidii ambayo haikuwapo kabla.

*

Nyumba aliyoisema Bwana Swichi ilikuwa chumba kimoja na ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, na ilikwenda na kazi. Mwenye kazi anakaa. Asiye na kazi anaondoka. Mama Nta aliwahi kuona jinsi inavyokuwa. Mtunzaji aliyewatangulia, macho yalipoanza kumpotea, aliitwa mbele siku ya ibada, akapewa chupa ya chai yenye maua, akapigiwa makofi marefu. Makofi yalikuwa hayajapoa, mtu wa kupaka rangi amekwisha kuja kupima kuta. Chupa yenyewe aliisahau dirishani siku ya kuhama. Wao ndio walioikuta, na mpaka leo wanaitumia.

Binti yao alikuwa ukumbini, kwenye cherehani, akishona majoho mapya ya kwaya kwa ajili ya Jumapili hiyo hiyo. Alimwona mama yake na fimbo. Akanyanyuka, akaweka maji jikoni.

Wakafanya kama walivyozoea. Kitambaa kikachovywa kwenye maji yanayochemka, kikakamuliwa kwa ncha za vidole, kikazungushwa kwenye mrija, kikipoa, kingine. Nta ikalegea, Mama Nta akaanza kuusukuma utambi kwa waya taratibu, huku akimsimulia binti habari za mshumaa wa plastiki na kuigiza jinsi ulivyokuwa unapepesa. Binti akacheka. Kisha utambi ukatoka wote, na nyuma yake likateleza donge la nta, likaangukia mezani.

Mama Nta akaacha kuigiza.

Utambi wa fimbo ni wa njano, nta yake ya njano. Donge hili lilikuwa jeupe. Lilikuwa jeupe kama mishumaa ya madhabahuni, nalo lilitoka chini kabisa ya mrija, mahali ambapo moto haujawahi kufika. Nta haitoki mshumaani ikajitupa kwenye mrija. Mtu aliinamisha mshumaa unaowaka, akaimimina.

Binti alimpata mkosaji papo hapo. Ni Bwana Swichi, nani mwingine? Anataka kuuza boksi lake. Alishavua hata tepu ya kupimia shingoni, tayari kumfuata, na mama yake kwa nukta moja alitamani kumwacha aende. Angefurahi sana kama ingekuwa Bwana Swichi. Lakini chumba cha majoho kilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikaa kwenye mkanda wa Mzee Kiberiti. Asubuhi hiyo Mama Nta mwenyewe aliuomba. Hata mchungaji huomba.

Akamwambia binti akae chini.

Mzee mwenyewe akaingia baadaye kidogo, akitokea kuwasimamia mafundi wa paa, amejaa vumbi na maneno. Akaulizia chai. Binti akamimina kutoka kwenye ile chupa yenye maua, akamjazia kikombe. Mzee akasema amjazie nusu tu, hana kiu. Mama Nta akakumbuka kwamba ni siku nyingi sasa hana kiu. Akakumbuka kwamba mumewe, ambaye maisha yake yote alijinyoa mwenyewe na kuwaona wanaokwenda kwa kinyozi kuwa watu wenye pesa za kuchezea, siku hizi anakwenda kwa kinyozi. Akamwona anavyokishika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu mwenye baridi, na jua liko utosini.

Akamwambia binti aende dukani akanunue uzi.

"Uzi upo, mama."

"Umeisha."

Binti akautazama uzi uliokuwa mbele yake, akachukua kanga yake, akatoka.

*

Mama Nta hakupiga kelele. Alilisukuma lile donge jeupe mpaka mbele ya kikombe cha mumewe, akangoja.

Mzee alianza na habari za joto. Akasema siku hizi joto limezidi, paa la bati likiwa wazi nta inaweza kuyeyuka yenyewe, ikaingia popote. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kama joto hilo ndilo linalofungua mlango kwa ufunguo.

Mzee akaiweka mikono yake juu ya meza. Kikombe kilichokuwa karibu kikaanza kugonga sahani, tikitiki, tikitiki, na hakuna aliyekigusa. Wote wawili wakakitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka. Ilipoanza haikuwa hivi."

Akaeleza, macho yakiwa kwenye kikombe. Mishumaa ya chini haimpi shida, fimbo inapata pa kuegemea. Shida ni ule mkubwa wa katikati, ulio juu ya wote. Huko mti unakuwa hewani mtupu, na mkono ukitikisika kidogo huku chini, moto kule juu unacheza ngoma nzima, na kanisa zima halina kingine cha kutazama. Jumapili moja alisikia mtu nyuma anacheka. Wiki iliyofuata akaimimina nta.

"Nikaona afadhali waicheke fimbo," akasema.

Mama Nta alikuwa na mengi ya kusema, na aliyapanga vizuri kichwani. Vidole vyake vilivyoungua kwa maji ya moto. Wiki zote hizo alizokuwa akimlaumu fundi wa lehemu, na utambi, na aliyeuza utambi, akamtukana hata marehemu aliyeinunua fimbo. Alifungua mdomo ayatoe, akakiona kidevu cha mumewe, kimenyolewa na mkono wa mtu mwingine.

"Kumbe nilikuwa nasafisha uongo wako," akasema tu.

"Ulikuwa unausafisha vizuri," mzee akajibu. "Kila wiki ilibidi nianze upya."

Hapo Mama Nta akacheka bila kutaka, akakasirika kwa kuwa amecheka, akanyanyuka kwenda kumwaga maji.

Wakajadiliana huku Mama Nta amempa mumewe mgongo, anasugua sufuria. Kumwambia mchungaji? Mchungaji ni mtu mwema, na wema wake ungempeleka moja kwa moja kwenye kamati kuomba ushauri, na kamati ni Bwana Swichi. Kusema anaumwa Jumapili? Mtunzaji anayeumwa siku ya askofu ndiye atakayechunguzwa kuliko wote. Kila njia waliyoishika iliwarudisha kwenye chupa ya chai yenye maua.

Ndipo binti akaingia na uzi ambao haukuhitajika. Hakujifanya kwamba hakusikia. Mlango wa ukumbi ule ulikuwa pazia tu, tena alilishona yeye. Akauliza kama wamewaona wale wanaobeba bendera kwenye gwaride. Bendera nzito, upepo unaivuta, na mti hautikisiki. Kwa nini? Wana mkanda, na mbele ya mkanda kuna kimfuko cha ngozi kinachokalia kitako cha mti.

Mzee akamwangalia mwanawe, kisha mkewe, kisha mikono yake.

"Ushone mweusi," akasema. "Usionekane juu ya joho."

*

Jumamosi mchana, mafundi walipokwenda kula, wakajifungia kanisani wote watatu. Mkanda ulikuwa wa turubai, kimfuko cha ngozi ya mkoba wa zamani wa binti. Mzee akauvaa, akakalisha kitako cha fimbo, Mama Nta akawasha utambi.

Mishumaa ya chini ilishika mmoja baada ya mwingine, bila neno. Mzee akaanza hata kutembea kwa madaha, akimuuliza binti kama gwaride linataka wazee. Mama Nta akaruhusu pumzi itoke.

Kisha wakafika kwenye ule wa katikati. Fimbo haikufika. Ilipungua kiasi cha shubiri tu, lakini shubiri ni shubiri, na ili kuipata ilibidi mzee autoe mti kwenye kimfuko na kuunyanyua mikononi. Alipounyanyua tu, moto ukaanza. Ukaugusa mshumaa, ukaukosa, ukalamba kinara, ukamwaga nta juu ya kitambaa kipya cha madhabahu. Mzee akajaribu tena huku ameuma meno. Binti akageuka akaanza kuhesabu mabenchi.

Walirudi nyumbani. Mama Nta akakitandika kitambaa mezani, akaweka karatasi ya kaki juu na chini ya lile doa, akapitisha pasi ya vuguvugu mpaka karatasi ikainywa nta yote. Akabadilisha karatasi, akapitisha tena, ingawa doa lilikuwa limekwisha kutoka. Mumewe alikaa mlangoni akivipaka viatu rangi, na mswaki ukawa unagonga kisigino, tikitiki, tikitiki. Hakuna aliyesema waache. Kuacha ilikuwa ni kuanza kufunga mizigo.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kando ya kuta zote mbili. Paa jipya liling'aa. Askofu alikaa kwenye kiti cha enzi chenye mto uliofuliwa na Mama Nta, na Bwana Swichi alikaa benchi la mbele, boksi lake chini ya miguu.

Mama Nta alisimama karibu na mlango wa chumba cha majoho. Bado alikuwa na aproni, kwa kuwa mpaka dakika ya mwisho alikuwa akirekebisha maua. Alimwona mumewe akitoka na fimbo. Wakati wa kumpa moto alikuwa amemkagulia kidude, kinateleza kama kimepakwa mafuta. Hapakuwa na nta ya kumwokoa leo. Mzee angeweza kuimimina tena, ufunguo ulikuwa wake, na hakuimimina.

Mishumaa ya chini ikashika. Watu wakatulia. Mzee akasogea katikati, akasimama, akautoa mti kwenye kimfuko, akaunyanyua.

Moto ukaanza kucheza.

Ulikwenda kushoto kwa mshumaa, ukarudi, ukapita kulia. Kwaya ilikuwa ingoje mshumaa huo ndipo iimbe, kwa hiyo hapakuwa na sauti ya kumfunika. Mtu akakohoa. Moto ukalamba kinara. Kutoka nyuma kikasikika kitu kama kicheko kilichokandamizwa na kiganja. Mchungaji akageuza kichwa kumtafuta mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya, ambaye alishazoea, akaanza kutafuta kiti kwa macho. Bwana Swichi akasogeza mguu, boksi likakwaruza sakafu.

Mama Nta hakukumbuka baadaye kwamba aliamua. Alichokumbuka ni viatu vyake vikilia kwenye vigae vipya, na aibu ya aproni, na kwamba haikuwezekana tena kurudi kuivua. Akapanda ngazi za madhabahu, akasimama nyuma ya mumewe, akaushika mti chini ya mikono yake.

Mtetemeko ukamwingia viganjani. Wiki zote alizokuwa akiitengeneza fimbo hiyo hakuwahi kuusikia. Ulikuwa kama kumshika kuku ndani ya mfuko. Hakuubana. Aliushika vile vile alivyoishika shaba yenye moto, kwa kuuachia nafasi, akaubeba uzito wote wa mti ili mumewe abaki na kazi ya kuuelekeza tu. Mzee hakugeuka. Wakaunyanyua pamoja. Moto ukayumba mara moja, ukatulia, ukakaa juu ya mshumaa mkubwa, na mshumaa ukashika.

Kwaya ikapasuka kwa wimbo.

Katikati ya kelele hizo, Mama Nta alikuwa akisikiliza kitu kimoja tu. Akasikia kupitia kwenye mti gumba la mumewe likivuta kidude chini. Utambi ukaingia, moto ukafa. Akangoja. Gumba likabaki pale pale. Nta ilikuwa inapoa huko ndani, na akaiona Jumapili ijayo, na nyingine baada ya hiyo. Kisha gumba likasogea, likasukuma kidude juu. Kiasi cha ukucha.

*

Baada ya ibada watu walimfuata askofu nje. Mzee alibaki kuzima mishumaa, na kazi hiyo aliifanya peke yake; kikombe kinachotetemeka kinaufunika moto sawasawa na kilichotulia. Mama Nta alikuwa akikunja aproni, jambo ambalo halikuwa na faida tena, Bwana Swichi alipomjia na boksi lake kwapani.

Akamuuliza kwa sauti ya chini kama mzee anaumwa.

Mama Nta alikuwa na majibu manne tayari, yote mazuri, yote ya uongo. Akayapitia, akaona yamemchosha.

"Mikono inamtetemeka. Mwaka huu ndiyo imeanza."

"Na mlikuwa mnaficha?"

"Tungesema, tungelala wapi?"

Bwana Swichi alimtazama mzee kule mbele, akihangaika na mshumaa wa mwisho, akaupata. Akasema kwamba mama yake mzazi alikuwa hivyo hivyo, na kwamba miaka miwili ya mwisho alikataa kula mbele ya watoto wake, wao wakadhani ana majivuno. Akalihamisha boksi kwapa la pili.

"Askofu ameniuliza kama huo ni utaratibu wetu, kuwasha watu wawili," akasema. "Nimemwambia ndiyo. Sasa siwezi kuonekana mwongo. Kamati nitaiambia mtunzaji tunaye, na wa kushika mti chini tunaye."

"Na huyo wa chini," Mama Nta akauliza, "analipwa?"

Bwana Swichi akasema hilo ni la kamati, akakumbuka kwamba askofu anamngoja, akatoka haraka kuliko alivyowahi kutoka popote penye kazi.

Mumewe alikuwa katika chumba cha majoho, joho amelivua, mkanda wa binti bado kiunoni. Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili, na shaba ilikuwa ikigonga ukuta kidogo kidogo. Alimwona mkewe akiingia, akaielekeza kwake, kidude kikiwa mbele.

"Kagua," akasema.

Mama Nta aliutazama mrija. Gumba lake lilijisogeza lenyewe, kwa mazoea. Akalirudisha.

"Tundika," akamwambia. "Twende tukale."